Gololi Zilizotiwa Maji

Usimtafute Lwamgasa wala Katoro, huko Geita, mwenye karasha wa kisa hiki. Nimemuunga kutoka kwa wengi, maana kosa lake ni la wengi, kuanzia Nyarugusu hadi viunga vya Kahama. Tumwite Bosi, kwa kuwa ndivyo vijana wake walivyomwita.

Bosi alikuwa na karasha la gololi: pipa nene la chuma lililolazwa, linalozungushwa na injini ya dizeli. Ndani yake hutiwa mawe ya dhahabu pamoja na gololi za chuma, nazo hupanda na ukuta wa pipa kisha huporomoka na kuyasaga mawe mpaka yawe unga. Biashara hii ina faida ya pande mbili. Mchimbaji huleta viroba vyake, hulipia kusaga, huosha unga wake mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, huikamata dhahabu kwa zebaki, huyo anaondoka. Mchanga unaobaki, yaani marudio, huwa mali ya mwenye karasha, naye huupeleka kwenye vati za sayanaidi kutafuta dhahabu iliyoponyoka. Ndiyo maana mteja humtazama mwenye karasha kwa jicho la pembeni: dhahabu ambayo hakuipata leo, kesho itakuwa ya mwenzake.

Kilichomsumbua Bosi ni bei ya gololi. Zile imara, zenye kromiamu nyingi, zilikuja kwa oda kutoka mbali na zilimtoboa mfuko. Akapata mtu anayeyeyusha vyuma chakavu: bloku za injini, ngoma za breki, puli kuukuu. Chuma hicho kilimiminwa kwenye kalibu za mchanga, zikatoka gololi za kupendeza, mviringo barabara, kwa bei ya kutupa. Zikaingia kazini. Majuma machache baadaye zilikuwa zimelika hata nyingine hazikufaa kitu.

"Fundi, gololi zako hizi zimeniangusha," Bosi alimwambia mhunzi wake.

"Si zangu, Bosi, nilikwambia tangu mwanzo. Ila dawa yake ipo. Hizo hazijakomaa. Chuma bila maji hakikomai. Nipe viroba viwili vya mkaa na pipa la maji, nitakurudishia gololi ambazo tupa haizigusi."

Fundi huyu hakuwa mbabaishaji, na hapo ndipo penye uzito wa kisa chenyewe. Kila siku wachimbaji walimletea moko zao, zile patasi za kuvunjia miamba chini ya duara (shimo la kuchimbia), zimebutuka. Alizipasha ncha, akazinoa kwa nyundo, akazipasha tena mpaka zikawa nyekundu, akazichovya. Kisha alifanya jambo ambalo wasiojua hawalioni: aliitoa moko majini ingali na joto mwilini, akaikwangua ncha ing'ae, akatazama rangi zikikimbia kutoka shinani, manjano, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano ilipofika nchani alizima moja kwa moja. Moko zake zilisifika. Alichofahamu kilikuwa sahihi kabisa, kwa chuma kingine.

Moko hutengenezwa kwa chuma cha pua, mara nyingi springi au ekseli ya gari. Springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Gololi za Bosi zilikuwa za chuma cha kusubu, chenye kaboni asilimia 2.5 hadi 4, pamoja na silikoni asilimia 1 hadi 3. Wingi huo wa kaboni ndio hukifanya kiyeyuke mapema, karibu na nyuzi 1,150 za Selsiasi, ilhali chuma kitupu hudai nyuzi 1,538. Kwa hiyo mtu mwenye tanuru dogo na feni anaweza kukiyeyusha uani kwake. Lakini chuma kikiganda, kaboni yote hiyo lazima ipate pa kukaa, na pale inapokaa ndipo panapoamua tabia ya kifaa.

Zipo njia mbili. Ikiwa silikoni ni nyingi na chuma kinapoa taratibu ndani ya mchanga, kaboni hujitenga na kuwa grafaiti, ileile ya risasi ya penseli, katika vipande bapa vilivyotapakaa ndani ya chuma chote. Hiki ni chuma cha kijivu. Ikiwa silikoni ni kidogo, au kimepozwa haraka, kaboni hushikamana na chuma na kuwa simentaiti, kitu kigumu sana na chepesi kuvunjika. Hicho ni chuma cheupe. Ukikivunja, uso wake unang'aa. Bloku za injini na ngoma za breki ni za kijivu, kwa makusudi: grafaiti hurahisisha kukereza na humeza mtetemo. Ukiziyeyusha ukazimimina mchangani, unapata kijivu kilekile.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kukandamiza kijipira kigumu juu yake na kupima kovu linalobaki. Kipimo hicho huitwa Brinell. Chuma cha kijivu cha kawaida husoma kati ya 180 na 250. Chuma cheupe hupita 400. Nayo mawe ya ukanda wetu yamejaa kwatzi, ambayo hukwangua hata kioo na chuma cha pua cha kawaida. Gololi za Bosi hazikuwa na ubavu wa kusimama mbele ya kwatzi. Fundi aliliona hilo kwa macho, na alikuwa na haki ya kutaka ugumu zaidi.

Wakawasha mkaa. Feni ikavuma, gololi zikawa nyekundu, kisha zikakaribia rangi ya chungwa. Fundi akazitia majini moja moja kwa koleo. Ya tatu au ya nne ililia "ta!" ndani ya pipa ikapasuka vipande viwili. Nyingine ilisubiri mpaka ikatolewa na kuwekwa chini, ndipo ikarusha kibanzi kilichompita kijana mmoja karibu na sikio. Hakuna aliyekuwa na miwani ya kazi. (Ningeweza kukimalizia kisa hapa. Jicho la kijana lina thamani kuliko gololi zote za Geita.) Zilizosalimika zilikuwa nyingi kuliko zilizopasuka. Fundi akachukua tupa, akasugua mojawapo. Tupa ikateleza bila kuuma. Bosi akacheka kwa furaha, akaagiza soda.

Tupa haikudanganya. Chuma cha kusubu kikipashwa kupita nyuzi 730 hivi, mwili wake uliozunguka grafaiti huanza kubadilika kuwa ostenaiti, hali ya chuma inayoweza kuimeza kaboni. Kikiachwa kipoe taratibu, kaboni hutoka na mwili hurudi kuwa pelaiti, matabaka membamba ya chuma laini na simentaiti yaliyopangana. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa kabla haijatoka, na mwili huwa matensaiti. Kwenye hadubini, baada ya kung'arishwa na kupakwa alkoholi yenye asidi kidogo ya nitriki, matensaiti huonekana ni vijiti vilivyochongoka vinavyokatana huku na huku. Ni ngumu kweli. Chuma cha kijivu kilichozimwa vizuri huweza kupanda hadi 500 ya Brinell au karibu na hapo, mara mbili na zaidi ya awali.

Ila vipande vya grafaiti havikwenda popote. Maji hayaviondoi, na moto wa saa moja hauviondoi. Vimekaa ndani ya gololi kama majani makavu yaliyofinyangwa ndani ya tofali: tofali likipigwa, huanza kukatika palipo na jani. Kabla ya kuzimwa, mwili wa pelaiti uliovizunguka ulikuwa na ustahimilivu kidogo wa kujikunja. Sasa ulikuwa matensaiti mbichi, isiyojikunja hata chembe. Watu wengi hukataa kuamini jambo hili mpaka walione: chuma cha kijivu kilichozimwa na kuachwa hivyohivyo huwa kigumu zaidi kuliko zamani, na wakati huohuo huvutwa na kukatika kwa nguvu ndogo kuliko zamani. Ugumu umepanda, uimara umeshuka.

Kuna la pili. Chuma kinapogeuka matensaiti huvimba kidogo. Ngozi ya gololi hupoa kwanza, hugeuka, hukakamaa. Kisha kiini nacho hugeuka na kutaka kuvimba ndani ya ngozi ambayo haikubali tena. Hapo ndipo mlio ule wa "ta!" ulipotoka. Zile ambazo hazikulia zilikuwa zimelibana shinikizo hilo ndani, zikisubiri kupigwa.

Na karasha kazi yake ni kupiga.

Siku za kwanza mambo yalikwenda vyema. Gololi hazikulika, wateja walipanga foleni, Bosi akaanza kuongelea karasha la pili. Kisha sauti ya pipa ikabadilika. Badala ya ngurumo nzito iliyozoeleka, kukawa na mkwaruzo. Vijana walipofungua mlango walikuta nusu gololi, robo gololi na vibanzi vyenye makali vilivyokuwa vimechimba ukuta wa pipa. Walitoa vile vikubwa, vidogo vikaenda na unga.

Kwingineko vibanzi hivyo vingegundulika mapema mwaloni, maana chuma ni kizito na hubaki kwenye zulia la kuoshea pamoja na dhahabu. Lakini sehemu kubwa ya miamba ya Geita ina matabaka ya madini ya chuma, na mchanga mweusi unaonasa kwenye smaku ni jambo la kila siku pale. Mchanga mweusi ulipoongezeka mwaloni, hakuna aliyeshangaa. Aliyeshangaa ni mama mmoja aliyekuwa akiosha mawe ya duara lake, aliyejikata kidole kwenye kibanzi chenye makali.

"Bosi, hili ni jiwe gani linalokata namna hii?"

"Mama, hayo ni mawe yako mwenyewe uliyokuja nayo."

Hilo lilikuwa jibu baya kuliko gololi zenyewe. Mama alichukua smaku, akasafisha zulia lake mbele ya watu, akamwaga kiganjani mwa Bosi lundo la vibanzi. Tena gololi zilizovunjika hazikusaga sawasawa, na kwenye unga uliosagwa nusunusu dhahabu hubaki imefungwa ndani ya chembe za mawe, haikamatwi na zebaki, inakwenda na marudio. Na marudio ni ya nani? Wateja walipiga hesabu wenyewe. Kufikia mwisho wa juma, foleni ilikuwa kwenye karasha la jirani.

Bosi hakupata hata faida waliyomdhania. Chembe mbichi za chuma zikiingia kwenye vati hushika kutu, na kutu hula oksijeni ileile ambayo sayanaidi huihitaji ili kuyeyusha dhahabu.

Alijaribu tena, safari hii kwa oili chafu ya injini badala ya maji. Kwa upande mmoja ilikuwa hatua nzuri: oili hupoza kwa upole zaidi, na wataalamu nao hutumia oili kwa chuma cha kijivu cha kawaida. Gololi zilizopasuka zilikuwa chache mno. Lakini hakuna aliyezipasha mara ya pili. Kifaa kilichozimwa hutakiwa kurudishwa kwenye moto mdogo, nyuzi 200 na kuendelea, kikae huko saa moja au zaidi, ili matensaiti ipungue ukali na shinikizo litulie. Ukipanda hadi nyuzi 400 hivi, uimara uliopotea hurudi, ingawa sehemu ya ugumu huondoka. Ndicho alichokifanya Fundi kwa rangi zake za manjano na buluu kila aliposhika moko. Kwenye gololi hakukifanya, kwa kuwa zilifunikwa na masizi ya oili na rangi hazikuonekana. Hata angefanya, bado ingekuwa gololi yenye grafaiti tumboni, isiyostahili kazi ile.

Bosi alichukua vipande viwili akampelekea babu mmoja wa Kirongo. Warongo ni wafua chuma wa zamani wa nchi ya Geita na Uzinza. Majembe yao yalifika mbali Usukumani, na yalitumika hata kulipia mahari. Matanuru yao ya udongo yalitoa chuma kinachofulika, chenye kaboni kidogo. Babu alikisugua kidole gumba kwenye uso uliovunjika, kikatoka cheusi.

"Ng'wanawane, hiki kina masizi ndani. Hakifuliki, ukikipiga kinamomonyoka. Nani alikwambia ukitie maji?"

Kidole cheusi: hicho ndicho kipimo rahisi cha grafaiti, na hakina gharama.

Nisieleweke kuwa moto haufai kwa chuma cha kusubu. Unafaa sana, mradi ujue unataka nini na umeshika nini. Tazama elbo na soketi za mabomba ya maji za zamani. Nyingi zilisubiwa kwa chuma cheupe, ambacho kingevunjika mkononi mwa fundi bomba. Kisha zilipashwa hadi nyuzi 900 na zaidi, zikakaa huko kwa saa nyingi, zikapozwa polepole mno. Simentaiti ikavunjika, kaboni yake ikakusanyika kuwa mafundo madogo ya grafaiti badala ya vipande bapa, na chuma kikawa kinakubali kujikunja. Mfaransa Réaumur aliandika kuhusu kulainisha chuma cheupe kwa moto mwaka 1722. Na tangu 1948 viwanda vimejua kutia magneziamu kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka ili grafaiti iwe ya mviringo tangu mwanzo. Chuma hicho huzimwa na kupashwa tena kwa mafanikio makubwa, hata gia hutengenezwa kwacho.

Kadhalika, kama umekereza kifaa cha kijivu na hutaki kije kupinda, kipashe hadi nyuzi 550 hivi, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, ukiache kipoe ndani ya tanuru. Ugumu haubadiliki sana, shinikizo linatoka.

Bosi angejua namna chuma hiki kinavyotaka kupashwa, asingepoteza nyumba ya beringi. Ile nayo ilikuwa ya chuma cha kusubu, ikapata ufa kutokana na mtikisiko wa pipa lililojaa vibanzi. Fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake na vijiti vya kawaida, akaichomelea ikiwa baridi, wakairudisha kazini jioni ileile. Kando ya mchomo, chuma kiliyeyuka na kupozwa ghafla na mwili baridi uliokizunguka. Pakawa na utepe mwembamba wa chuma cheupe na matensaiti. Ufa mpya ulipita sambamba na mchomo, kama milimita mbili kando. Kazi hiyo hudai kifaa kipashwe kwanza chote, vijiti vyenye nikeli, mchomo mfupimfupi, kisha kifukiwe kwenye majivu makavu au chokaa hadi kesho.

Sasa gololi zinazofaa. Ni chuma cheupe chenye kromiamu, kwa kawaida kati ya asilimia 12 na 30. Kromiamu huikamata kaboni na kutengeneza kabaidi ngumu kuliko kwatzi, na kabaidi hizo haziungani kuwa wavu mmoja unaopasuka kwa urahisi, ilivyo simentaiti ya chuma cheupe cha kawaida. Baada ya kusubiwa hupashwa nyuzi 950 hadi 1,050 kwa saa kadhaa, hupozwa kwa upepo tu, na mwili wake huwa matensaiti bila kuguswa na maji. Kisha hupashwa tena kwenye nyuzi 200 hadi 250. Mwishowe husoma zaidi ya 600 ya Brinell. Haya yote yamekwisha kufanyika kiwandani. Gololi hizo ukizitupa kwenye mkaa wako kuziongezea ukali, unaharibu ulichokilipia.

Onyo hilohilo linahusu meno ya karasha la kuvunjia, lile la taya. Mengi si chuma cha kusubu bali chuma cha manganizi, aina aliyoibuni Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882, chenye manganizi asilimia 11 hadi 14. Kikitoka kiwandani ni laini kiasi, hukomaa kwa kupigwa na mawe. Ukikipasha kupita nyuzi 300 kikapoa polepole, kabaidi hujitokeza kwenye mipaka ya chembe zake na jino huvunjika. Kukitambua ni rahisi: kikiwa kizima, smaku haikishiki.

Ewe mwenye karasha, kabla hujanunua gololi vunja moja. Tazama uso wake: wa kijivu unaochafua kidole, mrudishie mwenyewe, wa kung'aa, endelea kuuliza. Muulize kromiamu ni asilimia ngapi, ugumu ni kiasi gani, na zilipashwa vipi. Mwambie akuandikie, na ubaki na kipande kilichovunjika ili kipimwe maabara mkikosana. Muuzaji anayejua alichosubu hujibu maswali hayo akiwa amesimama. Asiyeweza kujibu, mwachie gololi zake.